Ekseli ya Kwenda kwa Ivy

Shamba la Carrick,
Njia ya Quorn,
Australia Kusini.

9 Juni 2022

Mpendwa mdogo wangu Rohan,

Pokea salamu zangu, japo zinatoka kwenye vidole vilivyokufa ganzi, maana naandika jikoni na jiko la kuni limeamua leo kutoa moshi bila moto. U hali gani? Wifi yangu Catriona hajambo? Na Fergus, lile jino lake limeshang'oka, au bado analisukumasukuma kwa ulimi kila akipigwa picha? Mwambie shangazi yake anataka jibu la maandishi.

Sisi huku tu wazima. Mama anaendelea vizuri, kwa namna yeye anavyoujua uzuri: anakula, analalamika, na kila Alhamisi anawafunga majirani kwenye karata bila huruma. Goti lake la kulia ndilo limeingia ukaidi. Asubuhi anaamka nalo mapema ili waizoee baridi pamoja, ndivyo anavyosema. Kondoo wamenenepa. Mvua ya Januari imeacha majani hata mahali ambapo mimi na wewe tulijua mawe tu.

Najua umeshtuka kuona bahasha. Usiogope, hakuna msiba. Ni kwamba kwenye simu siwezi. Kila Jumapili nakuambia mvua imenyesha au haijanyesha, nawe unaniambia huko imenyesha, kwa sababu huko haijui kufanya kingine, halafu Fergus anataka kuoga, basi tunaagana. Nikishaweka simu chini ndipo maneno yananijia yote. Safari hii nimeyatega kwa kalamu.

Nianze na njia. Ile mvua ya Januari niliyokuambia kwamba ilikuwa nzuri, ilikuwa nzuri kwa majani tu. Kule Korongoni maji yalishuka usiku mmoja yakachukua njia nzima ya kwenda Kibandani. Pale tulipokuwa tukivuka huku tunaimba, sasa kuna ngazi za mawe, mengine yananifika gotini. Malango yote sita yamesimama, hata la tatu, lile ulilolichomelea mwenyewe ukiwa shuleni na ambalo mpaka leo ni lazima uliinue kwa bega kama ng'ombe mgonjwa ndipo likubali. Lakini baada ya malango hakuna njia.

Unajua hiyo ina maana gani kwa Mama. Juzi nilikuwa nahesabu, nikaona Ivy angekuwa na miaka sitini na miwili mwaka huu. Ni ajabu kumhesabia miaka dada ambaye mimi na wewe hatukumwona, aliyekufa akiwa kichanga kule Kibandani, wazazi wetu walipokuwa bado wakiishi huko, kwa sababu daktari alikuwa ng'ambo ya mto uliojaa. Lakini Mama hajawahi kuacha kumhesabia. Kila Septemba kwandongi, yale matunda mekundu ya porini, zinapoiva anakwenda, anachuma, tunapika pai, na kokwa tunaziweka juu ya lile kaburi dogo, kila mmoja wetu na yake. Hata yako huwekwa. Mama huipangusa kwa aproni yake kwanza.

Ana miaka themanini na sita, Rohan. Hajaniambia kwamba Septemba hii ni ya mwisho. Amesema tu, "Glenys, mwaka huu nataka nikae kule kidogo, nisiharakishwe." Mimi nimemwelewa, na wewe utamwelewa.

Basi mwezi wa Aprili nikajifanya shujaa. Nikampakia Mama kwenye ile pikapu yangu ya rangi ya fedha, tukaenda kuijaribu njia. Unaijua kwa picha tu: kiyoyozi, viti vyenye joto, skrini inayokuonyesha matako ya gari ukirudi nyuma. Barabarani inateleza kama siagi. Lakini mbele haina ekseli nzima, kila gurudumu lina mkono wake na linajitegemea. Kwenye mawe ya Korongoni gurudumu moja likapanda jiwe, mwenzake akabaki ananing'inia hewani anazunguka bure. Nikakanyaga mafuta kwa hasira, na hapo nikasikia mlio ambao uliniingia mpaka kwenye meno. Shafti ya mbele ilikatika.

Mama alishuka, akachagua jiwe lenye jua, akafungua chupa yake ya chai. Akaitazama pikapu kwa muda mrefu.

"Glenys mwanangu," akasema, "hili gari lako lina kila kitu, limekosa miguu tu."

Tulivutwa na trekta la jirani, na mpaka leo wilaya nzima inaniamkia kwa kuniuliza habari za miguu.

Tangu siku hiyo nyumba hii haina mazungumzo mengine. Shauri lilikuwa moja: niigeuze pikapu kwa kuipachika ekseli nzima mbele, au nitafute gari la zamani lililozaliwa nayo? Nililipeleka kwa fundi Clarrie Noack pale mjini, nikidhani nitapata jibu. Nikapata vita. Humjui Jodie, binti yake, maana ulipoondoka alikuwa bado shuleni. Sasa ni fundi kamili, na gereji ile ina mafahali wawili katika zizi moja.

Clarrie alichukua spana ndefu akailaza juu ya kidole. "Ekseli nzima ni hii," akaniambia. "Chuma kimoja, gurudumu mpaka gurudumu. Jiwe likiinua upande huu, upande ule unasukumwa chini ukaume ardhi." Nami nikakumbuka Baba alivyokuwa akisema ni kama mzegazega wa ndoo begani, huku ukipanda, kule unashuka, na maji hayamwagiki ukijua kutembea.

"Kwa hiyo nunua la zamani," akasema Clarrie. "La springi za vyuma bapa, lisilo na kompyuta. Likiharibika unalijua kwa masikio."

"Shangazi, usimsikilize huyu mzee," Jodie akadakia akiwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. "Pikapu yako bado mbichi. Tunang'oa mikono ya mbele, tunachomelea mabano mapya kwenye chesisi, tunaingiza ekseli nzima yenye difu yake, ile gia ya katikati, basi."

"Hiyo 'basi' yako ndefu! Usukani je? Breki je? Na kompyuta ikipandwa na wazimu utaitibu kwa nyundo?"

"Nitaitibu. Wewe hata simu yako nakuwashia mimi."

"Na mhandisi wa mjini wa kuikagua na kuipigia muhuri iruhusiwe barabarani? Huyo naye utamwasha?"

"Atakuja."

"Atakuja! Kwandongi zitaiva, zitaanguka, zitaliwa na ndege, ndipo atakuja."

"Na wewe unataka mama wa watu abebwe na gari lenye umri kama wangu!"

"Lenye umri kama wako lina adabu kukuzidi," akasema Clarrie, na Jodie akacheka kule chini mpaka akajigonga kichwa.

Nilirudi nyumbani na shauri lile lile nililokwenda nalo. Jodie alinichorea kazi yote kwa chaki sakafuni, na nilimwamini. Binti yule ana mikono. Lakini Clarrie naye hakukosea kuhusu wakati. Mhandisi alipopatikana kwa simu alisema foleni yake inafika Oktoba. Kwandongi hazingoji foleni.

Ikabaki kununua. Nikasikia kuna moja linauzwa Peterborough, jeupe, la zamani, ekseli nzima mbele na nyuma. Pikapu bado ilikuwa inakwenda barabarani kwa magurudumu ya nyuma, nikampakia Mama tukaenda. Nilikuwa na furaha, Rohan. Njiani nilipanga mpaka mahali pa kuweka birika. Mwenye gari alikuwa mzee mpole aliyelipiga rangi mpya upande wa chini, na Clarrie alikwisha nionya kwamba rangi mpya chini ya gari la zamani ni kama marashi kwa mtu asiyeoga. Nilikwaruza kidogo kwa ufunguo, kutu ikanimwagikia kwenye mkono wa shati.

Lakini hata kabla ya kutu Mama alikuwa amekwisha kata shauri. Alifungua mlango, akachungulia, akabaki ameshika mlango.

"Kiti cha katikati kiko wapi?" akamwuliza yule mzee.

"Nilikitoa, bibi. Nimeweka viwili vya kisasa, vya raha."

"Raha ya nani?" akauliza Mama, akafunga mlango taratibu. Njiani kurudi, nilipomwuliza gari lile lina kasoro gani zaidi akaniambia linanuka mbwa wa watu.

Nilikasirika. Nilidhani ni ukaidi wa uzee. Nilijiambia, mimi nahangaika na vyuma, mwenzangu anahangaika na kiti. Sasa nimejua, ila ngoja nifike.

Wiki iliyofuata Clarrie alikuja shambani kupima pikapu, kwa kuwa Jodie alikuwa hajakata tamaa na alitaka vipimo. Ikaja mvua ya upepo, tukakimbilia banda la kunyolea kondoo. Nawe unajua kuna nini ndani ya banda.

Clarrie alilizunguka lile turubai mara moja. Akainama, akainua pembe yake, akatazama chini. Akaliacha. Akalizunguka tena. Mimi nilijitia kutazama mvua.

"Glenys," akasema, "unanituma niitafute ekseli jimbo zima, na kumbe imelala hapa?"

"Hilo ni la Rohan."

"Najua ni la Rohan. Mimi ndiye niliyemfungia springi zake. Chini halina kutu hata chembe! Lina miaka kumi na moja halijaona tope."

Mama alikuwa ametufuata na koti lake la mvua kichwani. Hatukumsikia.

"Lina mwenyewe," akasema.

"Bi Una, kwa heshima zote. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Kwako," akasema Mama. "Kwangu lipo."

Akaja akaivuta ile pembe ya turubai kutoka mkononi mwa Clarrie, akaishusha, akaichomeka chini ya gurudumu vizuri ili baridi isiingie. Clarrie akavua kofia. Mvua ilipopungua akaondoka bila hata kunywa chai, na unajua Clarrie na chai.

Sasa nitakuambia jambo ambalo kwenye simu silisemi. Siku ile nilikuwa upande wa Mama. Kwa akili nilijua Clarrie anasema kweli, lakini nilitamani aende na kweli yake. Ulipoondoka ulisema miaka miwili, ukasema, "Msiliguse, nitalitaka nikirudi." Na sisi tukalitunza neno lako kuliko ulivyolitunza wewe. Kila mwaka mpya Mama anapangusa vumbi juu ya turubai. Wageni wakiuliza kuna nini, anajibu kwamba ni gari la Rohan, yuko njiani. Ulipooa alisema uko njiani. Fergus alipozaliwa alisema sasa mtakuja watatu. Mipaka ilipofungwa kwa ugonjwa ule, nadhani alipata hata nafuu, kwa sababu angalau mwaka huo kulikuwa na sababu.

Sikulaumu. Aa, nakulaumu kidogo, nisiwe mnafiki. Catriona ni mtu mwema, mtoto ana shule, kazi ni kazi, na penye mke ndipo penye nyumba. Yote nayajua. Lakini nikiingia bandani jioni kufunga mlango na kuliona lile turubai limevimba kwenye giza, nasimama tu na kufuli mkononi. Nimekukumbuka, Rohan. Nimekukumbuka mpaka napika viazi vya watu watatu, halafu cha tatu nampa mbwa. Nilikuwa naogopa kwamba siku lile turubai likitoka, nitakuwa nimekiri kwa mikono yangu kwamba hurudi.

Ndiyo maana nilikuwa radhi kuikata pikapu nzima vipande. Ndiyo maana nilikwenda mpaka Peterborough. Haikuwa akili ya gari.

Basi. Jumapili iliyopita niliamka nikakuta kitanda cha Mama kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Nilitoka na viatu visivyo vyangu. Banda lilikuwa wazi. Turubai lilikuwa limekunjwa vizuri, pembe kwa pembe, limewekwa juu ya meza ya sufu. Na Mama alikuwa amesimama juu ya kreti akiosha kioo cha mbele kwa maji ya moto na kitambaa cha vyombo.

"Mama! Goti lako!"

"Goti langu nimelisikia. Shika ndoo."

Nikashika ndoo. Nikamwuliza taratibu kama anajua analofanya. Hakugeuka, aliendelea kuosha.

"Rohan nitamngoja," akasema. "Na gari nitamngoja, bila gari nitamngoja, hiyo ndiyo kazi yangu. Lakini Ivy hana miguu ya kuja huku. Mimi ndiye wa kwenda."

Kisha akasema nimwage maji yale machafu nilete mengine. Nilikwenda nayo nje nikalia, na sikujificha.

Clarrie na Jodie walikuja alasiri hiyo hiyo, wote wawili, na kwa mara ya kwanza sikuwasikia wakibishana. Walibadilisha betri, oili, mikanda, mafuta ya zamani yakamwagwa yote. Panya alikuwa amejenga ghorofa ndani ya chujio la hewa. Jodie aliingia chini akatoka na grisi mpaka kwenye nyusi, akasema, "Shangazi, nakubali. Kitu kama hiki hakichomelewi, kinazaliwa." Clarrie hakusema "nilikwambia." Alijipangusa mikono tu, ila alijipangusa kwa muda mrefu sana.

Lilipowashwa lilikohoa, likatema moshi mweusi, likanyamaza. Mara ya pili vivyo hivyo. Mara ya tatu likashika, na ule mngurumo ukajaa banda zima mpaka vumbi la sufu likadondoka kutoka kwenye boriti. Rohan, ni ule ule. Mbwa alikimbia akasimama upande wa mlango wa dereva, akatazama juu, akitikisa mkia. Mbwa yule hata hakuwa amezaliwa wewe ulipoondoka, sijui alikuwa anamtazama nani. Mama alicheka kwa sauti, halafu akasema moshi umemwingia machoni.

Vitu vyako vyote vimo. Miwani ya jua iliyovunjika mkono, kisu cha kukatia kamba, na kwenye kisahani cha majivu kokwa tano za kwandongi zilizokauka. Sikuzigusa.

Sasa nakuja kwenye kiti.

Asubuhi ya leo tulilitoa kidogo, mimi na Mama, mpaka lango la kwanza tu, kulizoea. Mimi usukani. Mama akapanda akakaa mlangoni, kushoto. Lile benchi lako refu, lile lile lililochanika pale ulipoweka msumeno. Nikamkumbuka Baba na sheria yake: anayekaa mlangoni ndiye mfungua malango, na lango unaliacha kama ulivyolikuta. Nikakumbuka tulivyokuwa tukipigana viwiko sisi wawili kugombea katikati, kwa sababu mwerevu ndiye anayekaa katikati, haendeshi wala hashuki. Mama ndiye aliyekuwa akitushinda. Ulipokua ukapewa mlango, na mimi usukani, yeye akawa malkia wetu wa katikati, birika mapajani.

Nilipofika langoni nikavuta breki ya mkono ili nishuke. Nilipogeuka, Mama alikwisha fungua mlango.

"Mama, kaa. Nitafungua mimi."

"Tangu lini dereva akafungua lango?"

Alishuka. Alishuka kwa kukipa mgongo kiti kama anavyoshuka ngazi siku hizi, akishikilia mlango, kisha bodi ya gari, kisha hewa. Alikwenda na fimbo yake mpaka kwenye mnyororo. Baridi ilikuwa kali na mnyororo ule unajua ulivyo. Nilimwona akivua glavu kwa meno. Nilitaka kutoka, nikajua nikitoka hatanisamehe. Akaufungua. Akalisukuma lango kwa tumbo, akatembea nalo mpaka mwisho, akanipungia mkono nipite, kama askari wa barabarani. Nikapita. Nikamtazama kwenye kioo cha pembeni akilirudisha. Katikati alisimama, ameliegemea lango, na sikujua kama amechoka au anatazama milima.

Aliporudi nilimsaidia kupanda. Alikuwa anapumua kwa mdomo na mikono yake ilikuwa myekundu. Nilidhani atasema turudi.

Wapi! Alijivuta. Alisogea kidogo kidogo kwenye benchi, akiinua lile goti kwa mikono miwili na kuliweka upande wa pili wa gia, mpaka akakaa katikati, bega lake likaligusa langu. Akainyoosha aproni yake. Akautazama ule mlango, na ile nafasi kando yake. Kisha akasema, "Endesha."

Nikamwuliza, "Na malango mengine, Mama?"

"Hayo yana mtu wake," akasema.

Hatukuendelea. Niligeuza gari, nikafungua lango mwenyewe, tukarudi nyumbani kunywa chai, na ndiyo nimekaa kukuandikia.

Kwa hiyo, mdogo wangu, shauri la gari limekwisha. Sigeuzi pikapu, sinunui la mtu. Nakuomba ruhusa ya kutumia lako baada ya kulichukua, ndiyo desturi ya dada wakubwa. Lakini sikuandika kwa ajili ya gari. Kwandongi zimeanza kuonyesha wekundu kule kwenye kilima cha kusini. Njoo Septemba. Njoo na Catriona na Fergus wakae na mimi, au njoo peke yako, au njoo siku chache ukalale njia nzima kwenye ndege. Sikuambii urudi kuishi. Hilo nimelikunja pamoja na turubai. Nakuambia uje ukae mlangoni.

Nisalimie Catriona, mwambie wifi yake hamgombezi, anamkaribisha. Nisalimie Fergus, umwambie nina kokwa yake moja nimemwekea, aje aone inawekwa wapi. Nisalimie na mama mkwe wako aliyenitumia zile soksi. Ndizo nilizovaa. Clarrie anakusalimu, anasema springi zake bado ziko imara. Jodie hakujui lakini anasema anaijua ekseli yako, na hiyo inamtosha.

Mungu akulinde huko kwenye mvua yenu, akupe usingizi na afya, na akufungulie njia pale watu tuliposhindwa.

Ni mimi dada yako anayekupenda, hata siku ambazo amekukasirikia,

Glenys

N.B. Mama ameomba kalamu, anasema ana mstari wake mwenyewe. Namwachia nafasi.

Mwanangu Rohan, gari linakwenda. Goti haliendi. Lile lango la tatu hakuna anayejua kuliinua ila wewe. Mimi nimeshasogea katikati. Mama.